Nimetumia zile kadi za kuongea na watoto mambo ya skuli, haya maoni yangu (Mombasa)

Kuna boksi la kadi linazunguka sana hapa Mombasa tangu muhula wa pili uanze, lile la kijani lina picha ya mama na mtoto wamekaa mkekani, juu limeandikwa ni kadi za mzazi na mtoto za kuongea masomo. Mimi nimenunua kwa mama mmoja anayetandaza vitabu na chati za ukutani pale karibu na Marikiti, nikalipa mia sita na hamsini boksi moja, kwa M-Pesa. Yeye anaanzia mia nane, usikubali. Nyuma hakuna jina la kampuni, kuna namba ya simu tu na maneno "imetayarishwa na walimu", kwa hivyo msiniulize brandi, haina. Yako maboksi matatu, la PP1 (mwaka wa kwanza wa chekechea) mpaka Gredi 3, la Gredi 4 mpaka 6 na la Gredi 7 mpaka 9, na kwa vile wanangu ni watatu na kila mmoja boksi lake ni tofauti, nikachukua mawili, la kati na la wakubwa, yule wa PP2 nikaona atadandia kwa nduguze na ndivyo ilivyokuwa.

Nyumbani kwangu ndio hivi, mjue nimejaribia wapi. Twakaa Mtopanga, jioni nakaanga viazi karai na bhajia nje ya geti, baba watoto yuko bandarini kwa shifti, wiki hii mchana wiki ijayo usiku, na mamangu mzazi twaishi naye. Mkubwa ni mvulana yuko Gredi 8, wa kati msichana Gredi 5, na huyo mdogo. Wakitoka skuli wanaoga, wanatia kitu tumboni, wanaingia chuoni, yaani madrasa, mpaka magharibi, wakirudi ni homuweki, kula, kulala. Mwenye watoto wa hapa kwetu aijua hiyo ratiba.

Sasa kilichonifanya nitoe pesa ni kile ambacho kila mzazi anakijua. Mtoto anarudi, unamuuliza mmesoma nini leo, anakwambia hakuna. Hakuna vipi na umeshinda huko mchana kutwa? Tumesoma tu. Basi, maongezi yamekwisha, na wewe ushatimiza wajibu ushauliza. Zamani sisi angalau wazee wetu walikuwa na swali lao moja, umekuwa wa ngapi, na ukisema wa thelathini wajua kitakachofuata. Siku hizi hata hilo halifanyi kazi, ripoti yaja na viwango, EE (amezidi), ME (amefikia), AE (akaribia), BE (yuko chini), jirani yangu aliona ME kila mahali akamnunia mtoto siku nzima akidhani ameanguka, kumbe ME ni mtoto amefikia kile kinachotakiwa, yuko sawa kabisa.

Na hawa wa CBC, huu mtaala mpya wa umilisi (sasa wasema CBE, haya) tangu ule mwongozo wao mkubwa wa 2017 waliandika wazi mzazi ni sehemu ya masomo ya mtoto, ni moja ya nguzo zao. Lakini kwa sisi wa chini kushirikishwa kumekuwa ni nunua manila, leta boksi tupu, leta mbegu tatu tofauti, printi picha za wanyama, na ujumbe wenyewe waingia kwa grupu ya wasapu saa mbili usiku wakati maduka yafungwa. Mfuko wetu umeshirikishwa vizuri sana, mdomo ndio haukualikwa. Kwa hivyo nilipoona kitu kinachosema kaa na mwanao muongee, bila kununua gundi, nikasema hebu.

Kadi zenyewe ni saizi ya karata. Upande mmoja swali kwa Kiswahili, upande wa pili hilo hilo kwa Kizungu, na chini kabisa kwa maandishi madogo mstari mmoja wa mzazi, afanye nini au asifanye nini. Hiyo mistari midogo ndiyo iliyonifanya nisirudishe boksi, nitakuja kwayo. Maswali mengi ni ya kawaida ukiyasoma, kwa mfano "Nifundishe kitu kimoja ulichojifunza leo kana kwamba mimi sijakisikia kamwe", au "Ni swali gani mwenzako aliuliza darasani likakufanya ufikiri?", au "Ni wapi ulikwama leo, na ulifanya nini?" Hili la kukwama kwa yule wangu wa Gredi 5 lilifungua bomba. Nilikuwa najua hesabu yamsumbua, nilikuwa sijui ni wapi. Kumbe sehemu yuazielewa vizuri, nusu, robo, thuluthi, shida ilikuwa akiambiwa linganisha mbili za tano na tatu za nane anaangalia zile namba za chini anaona nane ni kubwa kuliko tano basi anachagua ya nane. Hili ticha wake na watoto waliojaa darasani atalionea wapi, atatia alama ya kosa tu apite. Mimi nikachukua mikate miwili ya mofa, mmoja tukaukata tano, wa pili nane, akajionea mwenyewe vipande vya nane vilivyo vidogo, halafu akapanga viwili huku na vitatu huku akavipima. Akachagua mbili za tano na alikuwa sawa, ingawa zimekaribiana sana, nusura atoke na rula. Mdogo wake akala ushahidi.

Ile mistari midogo sasa. Kadi nyingi chini zimeandikwa kitu kama "Usimsahihishe. Hesabu mpaka kumi, kisha muulize: umejuaje?" Wallahi hesabuni hiyo kumi muone vile ni ndefu. Baba yao ndiye aliyeniua mbavu. Siku ya kwanza amekaa na kijana, amesoma kadi kwa sauti ya taarifa ya habari, kijana ameanza kueleza mambo ya asidi na besi, hajafika hata neno la tano baba ashadakia, "hapana hapana, sikiza, sisi wakati wetu tulikuwa twafanya hivi", na kuanzia hapo ni yeye ameongea, litmus, mwalimu wao wa kemia aliyekuwa na fimbo ya mkwaju, lebo za makontena pale gati, kila kitu, kijana amekaa anatikisa kichwa kama kisanamu cha dashibodi ya taksi. Nikamwonyesha ule mstari mdogo. Akasema huo umeandikiwa wazazi wasiosoma. Nikanyamaza. Siku hizi twamwekea mkono mdomoni, yule mdogo ndiye kazi yake hiyo, anahesabu kumi kwa sauti na babake haruhusiwi kusema mpaka afike, na PP2 wenyewe mwajua saba wanairuka.

Kinachofanyika ukinyamaza ni kwamba mtoto anajaza. Anasema jibu la kwanza, anaona huna haraka, anaanza kujirekebisha mwenyewe, "ama ngoja, siyo hivyo, ile ilikuwa..." na hapo ndipo wamsikia anavyofikiri. Na ukimuuliza umejuaje hata pale amepatia, mara ya kwanza atakuangalia kwa wasiwasi maana watoto wetu wamezoea ukiulizwa umejuaje ujue umekosea. Mpeni muda, wazoea.

Lakini aliyezitumia hizo kadi kuliko sote ni mamangu, na yeye hawezi hata kuzisoma. Nyanya alisoma chuo, skuli hakwenda, Kiarabu cha msahafu anasoma, haya maandishi ya kizungu haya hapana. Alikuwa amekaa kibarazani na tasbihi yake, mjukuu amechomoa ile kadi ya nifundishe, na siku hiyo walikuwa wamesoma kazi ya mizizi, shina na majani. Mtoto akaanza, majani yatengeneza chakula cha mti. Mimi ningesema vizuri mwanangu endelea. Nyanya akasema, "Chakula gani, na mti hauna kinywa?"

"Haukuli kwa kinywa nyanya, wajipikia. Majani ndio jiko, jua ndio moto, maji yapanda kutoka kwa mizizi, na ile hewa tunayoitoa sisi ndio waivuta."

"Wapika nini?"

"Sukari."

Nyanya akafikiri kidogo. Akauonyesha mwarobaini wa jirani. "Basi mbona ule majani yake machungu?"

Jamani. Mtoto alikaa kimya, mimi nilikaa kimya na sufuria mkononi, hata mkubwa aliyekuwa amejifanya yuko kwa simu akainua kichwa. Hakuna aliyejua. Kesho yake akaenda nalo skuli na ticha wake Mungu ambariki hakumwambia hilo haliko kwa silabasi, alimweleza kwamba mti wafanya sukari yake kweli, wajenga nayo mwili na kuitumia, lakini mwarobaini watengeneza na vitu vyengine vichungu vya kuwafukuza wadudu wasiyatafune majani. Akarudi mbio kumwambia nyanya, na nyanya akasema ndio maana sisi twaweka majani ya mwarobaini kwa nafaka wasiingie fukusi. Yaani wamekutana katikati, mmoja ametoka kwa kitabu mwengine ametoka kwa ghala.

Tangu siku hiyo yule msichana akitoka chuoni haji kwangu, anaenda kibarazani. Na nimekaa nikaangalia kwa nini, nikaona ni kwamba nyanya akiuliza anauliza kweli. Hajui, na ataka kujua. Mimi nikiuliza nauliza kama mkaguzi, jibu ninalo au nadhani ninalo, na mtoto asikia hiyo kwa sauti. Wako wazazi wengi hapa wasema mimi sikusoma sana, hii CBC siijui, nitamwambia nini mtoto, wacha nimlipie tuisheni. Kumbe huyo ndiye ana nafasi nzuri kuliko baba yao na diploma yake.

Haya, sasa malalamiko, na ninayo.

La kwanza ni Kiswahili chake. Kimeandikwa na mtu aliyekisomea. "Je, ni dhana ipi iliyokutatiza?" Mtoto wa Mombasa aliyezaliwa na Kiswahili akisomewa hivyo anakimbilia upande wa Kizungu, na hiyo ni aibu, maana nia ya kuongea nyumbani ni aongee kwa lugha yake, akili ipumue. Mimi nazisoma kimoyomoyo kisha nauliza kwa maneno yangu, "wapi pamekushinda leo?", na jibu laja hapo hapo. Pia mifano. Kuna kadi yazungumza theluji, kuna ya ng'ombe wa maziwa anayekamuliwa asubuhi, kuna ya treni ya chini ya ardhi, treni ya chini ya ardhi iko wapi Kenya hii? Bahari hakuna hata kadi moja. Feri hakuna. Wametengeneza kitu wanakiuza pwani na hawakuuliza mtu wa pwani.

La pili ni wakati. Maelekezo yasema kila usiku baada ya chakula familia ikae mezani, simu zizimwe, kila mtu achomoe kadi moja. Meza gani? Na baada ya chakula mtoto aliyeamka kabla ya alfajiri na akaenda skuli na chuo macho ni mekundu, ukimwambia nifundishe kitu atakufundisha kulala. Tulijaribu tukaacha. Inayofanya kazi kwetu ni wakati wa kumenya viazi. Watoto wamekaa na visu na beseni, macho yako kwa kiazi, hakuna anayemwangalia mwengine usoni, na hapo utashangaa wanavyosema, mpaka mambo ya nani amepigana na nani na ticha gani ameolewa, na katikati ya hayo umbea somo linatoka lenyewe. Kwa tuktuk pia, tukienda mjini. Kijana wa Gredi 8 ukimkalisha uso kwa uso atakujibu kwa mabega, mpe kazi ya mikono mkae ubavuni ataongea. Kwa hivyo mimi kadi naweka moja kwa mfuko wa leso asubuhi, naisoma, jioni naichomekea tu kama nimeifikiria mwenyewe. Wakiiona kadi wanajua ni somo.

Na karatasi ni hafifu, hilo lipite tu, unyevu wa Mombasa wamalizana nazo kwa wiki chache, pembe zimekunjika kama achari za maembe.

Lililoniudhi zaidi ni kile kikaratasi cha maelezo ndani ya boksi la Gredi 7 mpaka 9. Kimechapishwa zamani na wanakiuza hivyo hivyo. Chataja masomo kumi na manne ya junia sekondari, na hayo yalipunguzwa yakawa 9 mwaka 2024, kompyuta na biashara zikatiwa ndani ya somo la Pre-Technical. Halafu chasema viwango ni vinne tu. Kwa ripoti ya darasani sawa, lakini KJSEA, ule mtihani wa Gredi 9, ya kwanza ya 2025 ilikuja na viwango vinane, EE1, EE2, mpaka BE2 huko chini, na mzazi aliyesoma kikaratasi hicho akiletewa AE1 hajui ashike kichwa au apige makofi. Na kitu muhimu kuliko vyote hakimo: kuingia sinia sekondari hakutegemei mtihani wa Gredi 9 peke yake. KJSEA yenyewe ni asilimia 60, ile KPSEA aliyofanya Gredi 6 ni asilimia 20, na tathmini za skuli za Gredi 7 na 8 ni asilimia 20. Yaani kijana wangu sasa hivi, akiwa Gredi 8, anazichuma alama zitakazompeleka, na mimi ningekuwa nasubiri Gredi 9 ndio nianze kuuliza masomo yaendaje. Kitu kama hiki ndicho ungekitia kwa boksi la wazazi.

Kadi zenyewe za hilo boksi la wakubwa pia ni dhaifu. Wameona mtoto sasa ni mkubwa basi maswali yote ni ya maisha ya baadaye, unataka kuwa nani, utachagua mkondo upi, STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu) au Sayansi za Jamii au Sanaa na Michezo, ndoto yako ni ipi. Kijana wa miaka kumi na tatu ukimuuliza ndoto yake atakwambia sijui, au atakwambia rubani ili umwache. Ukitaka kujua mkondo muulize leo somo gani hukuangalia saa. Hilo si la kadi, ni langu, chukueni bure.

Kadi moja tu kwenye boksi lile ilinipa thamani ya pesa. Imeandikwa "Mtafute mtu wa nyumbani anayelijua jambo hili bila kitabu. Mkae pamoja." Kijana alikuwa na maswali ya mwezi na maji kujaa na kupwa, amechora jua, dunia na mwezi kwa daftari, mishale kila mahali, anaona ni mambo ya mtihani. Ami yake ni mvuvi, Mtongwe. Tukampelekea Jumapili baada ya chuo. Kijana akaeleza vizuri, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, jua na mwezi na dunia zimepangana mstari mmoja basi mvuto waongezana na maji yajaa sana na kupwa sana, na mwezi ukiwa nusu zinavutana kwa pembe basi maji hayaendi mbali. Ami akasikiza mpaka mwisho (yeye huyo kumi anaihesabu bila kuambiwa), akasema hilo la kwanza ndilo bamvua na la pili ndilo maji mafu, wewe umelichora mimi nalijua kwa miguu. Halafu akamuuliza, hiyo michoro yako yasema bamvua kubwa ni siku gani? Kijana akasema siku ile ile ya mwezi mpevu. Ami akacheka. "Bamvua lachelewa, baba. Mwezi ukipevuka leo, maji makubwa yenyewe yaja kesho au kesho kutwa. Na kila siku maji yachelewa karibu saa nzima kasoro, ndio maana sisi hatwendi kwa saa ya ukutani, twahesabu tarehe za mwezi." Kijana akaandika. Yule ambaye kuandika noti skuli ni vita, aliandika kwa kalamu ya kuazima nyuma ya bahasha, na akarudi nyumbani akatafuta ratiba ya maji ya Kilindini kwa simu akathibitisha. Ikatoka kweli, akampigia ami yake usiku kumwambia kwamba yuko sawa, ami akasema ahsante, nilikuwa na wasiwasi.

Sasa, je ununue? Kabla ya kutoa pesa jua hili. Zile kurikulamu disaini, yaani mipangilio ya masomo, za KICD, taasisi ya serikali inayotayarisha mtaala, ziko bure kwa tovuti yao, PDF, kila gredi kila somo. Ni ndefu na ni za Kizungu isipokuwa za Kiswahili, na zimeandikwa kwa ajili ya walimu, lakini zimepangwa kwa jedwali na safu ya mwisho upande wa kulia ni maswali tu, Key Inquiry Questions, kwa zile za Kiswahili wameziita maswali dadisi. Hayo ndiyo maswali ambayo ticha anatakiwa awaamshie watoto akili kabla ya somo. Wewe usisome chote, nenda saiba (duka la intaneti), printi kurasa za mada waliyoko wiki hiyo, soma ile safu peke yake. Mimi nilifanya hivyo kwa sayansi ya Gredi 5 na niliona baadhi ya maswali ya kwenye boksi ni ndugu wa hayo kabisa, hao "walimu" wa nyuma ya boksi wajua walikoyatoa. Hasara yake ni kwamba kurasa hizo hazikwambii unyamaze. Boksi lakwambia, kwa maandishi madogo, kila kadi, na kwa nyumba yenye baba kama wa kwangu hiyo ndiyo dawa.

La Gredi 4 mpaka 6 nalipatia nyota nne, na ningelipatia zaidi kama lingejua bahari iko wapi. Kwa ploti yenye wazazi watatu wanne wenye watoto wa rika hilo nunueni moja mzungushe, kwa sababu ukishayazoea maswali baada ya muda hulihitaji tena, yashakaa kichwani. La PP1 mpaka Gredi 3 sikulinunua kwa hivyo silisemi, ila jirani yangu analo na asema lina picha nyingi na wanawe wanalichezea kama karata, wanawekeana dau la kashata. La Gredi 7 mpaka 9 nyota mbili, na moja ya hizo ni ya ami.

Muuzaji mwenyewe hana shida, ni mcheshi, ukikuta kadi zimejirudia anabadilisha, mimi nilikuta mbili sawa akanipa nyengine bila maneno. Nilipomwambia habari ya kile kikaratasi alisema yeye auza tu, atawaambia wenyewe. Ile namba ya nyuma ya boksi nimeipigia, inaita haishikwi, nimetuma ujumbe pia, tiki mbili za buluu na kimya. Wakitoa chapa mpya yenye hesabu sawa za KJSEA na kadi hata tano za pwani nitarudi hapa nibadilishe nyota.

Kwa sasa hilo boksi la wakubwa naliuza, mia tatu, kadi zote zimo isipokuwa ile ya mtafute mtu wa nyumbani, hiyo kijana ameibandika ukutani hatoi. Mbili zimemwagikiwa ukwaju lakini zasomeka. Mwenye kutaka aje jioni Mtopanga anikute kwa karai, na akinunua bhajia simtozi za kwanza.